Siku sita barabarani na darasa la landskepu: Dar, Tanga, Gazi, Bamburi

Siku ya 1, Jumatatu

Tulipangiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka saa moja kasoro robo, kama kawa. Kuna jamaa yetu kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) kaiacha hosteli na bila ile kadi mpakani ni kesi, ikabidi apande boda akaifuate huku sisi tumebaki kwenye basi tunamsema mpaka masikio yamuwashe. Tuko 19, mwaka wa tatu, usanifu wa mandhari, chuoni tunaita landskepu tu. Nyumbani hawajawahi kuelewa nasomea nini, baba mdogo akinitambulisha kwa watu anasema "huyu anasomea bustani", na mama yeye anasubiri nimalize nimpandie ukoka mbele ya nyumba na maua ya kuzunguka geti. Zamani nilikuwa nabishana, saivi naitikia tu, ndio mama, ukoka upo.

Sasa niseme kilichotupeleka huko maana ni aibu yangu kwa sehemu. Muhula huu studio yetu ni bonde la Msimbazi pale Jangwani, na wiki mbili zilizopita kwenye kriti, ile siku ya kutetea michoro mbele ya walimu, nilichanwa mbele za watu. Nilikuwa nimechora kitu kinapendeza aisee, ukoka wa kijani kibichi, palmu mistari miwili, chemchemi katikati, vibenchi, watoto wameshika maputo, renda (ile picha ya kompyuta inayoonekana kama kweli) imetoka safi mpaka washkaji wakawa wanaipiga picha. Madam, mwalimu wetu wa studio, akaiangalia kimya muda mrefu halafu akauliza swali moja tu: "Kijana, maji yakija, haya maputo yanaenda wapi?" Darasa zima likacheka, na mi nikacheka, ila moyoni pa. Maana Jangwani nani asiyepajua? Yale mafuriko ya Desemba 2011 ndo yaliyofanya watu wakahamishiwa Mabwepande, na mi nimeenda kuweka chemchemi. Kana kwamba maji yamekosekana.

Basi tukapita Chalinze, tukachimba dawa, tukaendelea, kabla ya Mkata gari likaanza kutoa moshi. Dereva kafungua boneti, kasema rejeta. Masaa mawili na nusu kwenye jua! Madam wala hakukasirika, akatuambia chukueni skechibuku, akatupeleka hatua kama mia pembeni ya barabara kwenye kalavati. Kalavati lenyewe zima, halina hata ufa, ila maji yakishatoka pale hakuna aliyefikiria yaende wapi, kwa hiyo yameruka na kuchimba korongo, nimeshuka ndani limenifika kifuani, mizizi ya mti inaning'inia hewani kama nyaya za umeme zilizokatika. "Aliyejenga hapa alitaka maji yatoke barabarani, yametoka. Nichoreeni yalikoenda." Tukachora. Nadhani ndo mchoro wangu wa kwanza mwaka huu ambao sijaweka hata mti mmoja wa urembo.

Muheza tukanunua machungwa, kila mtu kimfuko chake. Huku njiani mashamba ya mkonge yanapita dirishani mistari kwa mistari, na Madam akasimulia kwamba mkonge si wa kwetu, aliuleta Mjerumani anaitwa Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja ilitolewa Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Yaani nchi nzima iliyokuja kulishwa na mkonge ilianzia kwenye miche 62! Nikaandika namba pembeni ya ukurasa bila kujua kwamba Ijumaa nitaiandikia mwenzake.

Tanga tumefika saa mbili usiku. Nimelala na viatu.

Siku ya 2, Jumanne

Asubuhi mapango ya Amboni, ni jirani tu na mjini ukielekea Mombasa. Kiongozi wetu anapenda zaidi zile hadithi za mizimu na njia za siri za kutokea mbali, mi nilikuwa naangalia kuta. Mawe ya chokaa, yametobolewa na maji taratibu mpaka mtu anapita wima. Popo wengi. Harufu sitaielezea.

Mpakani Horohoro tumevuka bila shida, yule wa kadi ya njano akawa wa kwanza kuionyesha, kaishika juu kama refa. Ng'ambo ni Lunga Lunga, Kenya. Kubadilisha laini, kubadilisha hela, kugundua shilingi yetu ina sifuri nyingi ila haina nguvu. Gazi tumefika alasiri, kijiji cha pwani kabisa, minazi, nyumba za makuti na mabati, watoto wanatuuliza "nyinyi ni wa wapi" na tukijibu wanatucheka lafudhi. Sisi tuliokuwa tunajiona Kiswahili chetu ndo chenyewe!

Siku ya 3, Jumatano

Hii siku naiandika ndefu kwa sababu nimeipenda na kwa sababu imenila simu.

Tuliamka na maji. Yaani hapa ratiba haipangwi na saa, inapangwa na kupwa na kujaa, na tuliangukia kwenye bamvua kwa hiyo bahari ilikimbia mbali mno, imeacha matope meusi yanang'aa. Mama mmoja wa kikundi cha pale ndo alitupokea, tukamwamkia shikamoo wote kwa pamoja kama watoto wa chekechea, akacheka, "marahaba wanangu, vueni viatu". Tukaanza kwenye ule ujia wa mbao waliojenga akina mama juu ya mikoko, unatembea hewani miti iko pande zote, raha tupu, halafu akasema sasa tushuke. Mguu wa kwanza ukazama mpaka gotini. Nikapaniki nikaanza kuutoa kwa haraka, nikazamisha na wa pili, simu ikatoka mfukoni ikaingia kwenye matope bila hata sauti. "Mwanangu wakimbia nini? Matope hayakimbiwi, ukikimbia yakumeza." Simu tumeipata. Haiwaki.

Miaka yote mi nilikuwa nasema "mikoko", basi, kijani kilichopo baharini. Kumbe Kenya nzima ina aina tisa na kila moja ina jina lake, ina pake na ina kazi yake. Mbele kabisa kunakopigwa na mawimbi yupo mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe na ile mizizi kama miguu ya buibui, halafu msinzi, halafu mkandaa, halafu huku nyuma kunakofikiwa na maji mara chache yupo mchu. Mchu ndo mkorofi, unamkuta huku nyuma na unamkuta tena mbele baharini, anakaa anapotaka. Mama akachuma jani la mchu akanipa, "ramba". Nikaramba. Chumvi! Mti unatoa chumvi kwa majani, unaiona kabisa imeganda vipunje vidogo, na chini yake vile vimizizi vimechomoza juu kama penseli zilizochomekwa elfu elfu, ndo anavyopumulia maana kwenye yale matope hewa hakuna.

Tukapewa miche ya mkoko tupande. Mche wenyewe umeota ukiwa bado juu ya mti, mrefu, unaning'inia kama ganda la mlonge, unausimamisha, unausukuma theluthi kwenye matope, umemaliza. Nikajiona fundi, nikasogea mbele kwenye uwazi nikapanda mistari mitatu iliyonyooka kwa kipimo cha macho, nimerudi nyuma kuiangalia na kujisifu, mama akaja akaing'oa yote. Yote! "Hapa si pake. Hapa pa mlilana, mawimbi yatachukua haya kabla hamjafika kwenu." Madam alikuwa nyuma anasikia, hakusema kitu, ila ile kimya yake naijua.

Mradi wa pale unaitwa Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hewa ya ukaa 2013, yaani mikoko inaifyonza na wachafuzi wa mbali wanalipia, ni hekta 117 tu za mikoko na wanauza kama tani 3,000 kwa mwaka, hela inaingia kwenye vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Imejenga maji ya bomba, imenunua vitabu vya shule. 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mi mambo ya hewa ukaa huwa nina mashaka nayo sana, naona kama mzungu analipa ili aendelee kuchafua, na bado naona hivo. Ila ukichota maji kwenye bomba lililoletwa na mti uliosimama tu bila kukatwa, ubishi unapungua kidogo. Halafu kitu kilichonifurahisha kama mtu wa dizaini ni kwamba hawakuishia kusema "msikate". Mtu anataka nguzo, anataka kuni, utamwambia nini? Wamepanda mivinje pembeni huko nchi kavu, ukitaka nguzo kata mvinje.

Usiku tukakaa chini ya taa moja na karatasi za tresi, zile zinazopitisha mwanga. Kuna Mskoti, Ian McHarg, alikuwa anafundisha Pennsylvania, yeye ndo aliyeisambaza miaka ya 60 ile njia tunayopigwa nayo studio kila siku: tresi ya udongo, tresi ya maji, tresi ya mteremko, tresi ya uoto, unazipanga juu ya nyingine na pale panapokuwa na giza zaidi ndo pa kutogusa. Nimezifanya kama asainimenti mara tatu bila kujua nafanya nini. Leo nilipoweka tresi ya kina cha maji juu ya tresi ya miti, mistari ikalala sawasawa, mlilana mpaka mchu, nikakumbuka na mistari yangu mitatu iliyonyooka. Na nikakumbuka daraja la Selander pale nyumbani, mdomoni mwa Msimbazi kuna mikoko, nimepita pale mara ngapi sijui, na siwezi kukwambia hata mti mmoja ni wa aina gani.

Siku ya 4, Alhamisi

Kaya Kinondo, karibu na Diani. Ni msitu wa Wadigo, moja ya zile kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizoingia urithi wa dunia 2008, mdogo tu, kama hekta 30. Unafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Hutoki na kitu, hata jani. Mshkaji wetu mmoja aliokota mbegu moja nzuri nyekundu akaitia mfukoni, mzee anayetuongoza hata hakugeuka, akasema tu "iliyo mfukoni irudi", tukaganda wote. Sijui aliionaje.

Nilitegemea niandike mengi kuhusu miti, badala yake nilichoandika ni chini. Madam alitwambia tuangalie miguuni. Ule msitu wote, miti ambayo watu watatu hawaikumbatii ikakutana mikono, umesimama juu ya jiwe la matumbawe. Unaliona limechomoza kila mahali, lina meno, na mizizi imelifunika na kuingia kwenye nyufa zake, katikati kuna majani yaliyooza kiasi tu. Udongo wenyewe kiduchu. Hakuna aliyeupanda, ila kuna watu walikubaliana kutougusa, vizazi na vizazi, na hapo chuoni hatujawahi kuhesabu hiyo kama dizaini.

Mchana feri ya Likoni (watu wale! dah) halafu Mji wa Kale. Fort Jesus tumepita haraka, mlango ulikuwa unakaribia kufungwa. Lakini kuna nyumba moja mwenyewe alituruhusu kuingia, akatuonyesha dari, boriti zimepangwa zimeshikilia matumbawe na chokaa. Akauliza mnajua kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba? Tukaanza kujibu mambo ya utamaduni na faragha, kila mtu anatoa alichosoma. "Boriti ndo imeishia hapo." Basi! Mkoko unatoa mti wa urefu fulani, fundi anajenga chumba cha upana huo. Jana tulikuwa tumeandika majina ya nguzo za mikoko kule Gazi kuanzia ile nyembamba: fito, pau, boriti, tukidhani ni msamiati wa kujifunza, kumbe ni vipimo vya nyumba za pwani nzima.

Viazi karai vya jioni vimeniponya.

Siku ya 5, Ijumaa

Bamburi. Ndo tulichofuata.

Kwa asiyejua, hapa ni machimbo ya kiwanda cha saruji. Walikuwa wanachimba matumbawe ya kale tangu miaka ya 50, wanatoa, wanasaga, wanachoma, na wanachoacha ni shimo jeupe, sakafu ya jiwe, karibu kabisa na maji ya chini ambayo yana chumvi. Hakuna udongo, hakuna kivuli, jua likipiga linapiga mara mbili. Mwaka 1971 Mswisi anaitwa René Haller akaanza kujaribu kuotesha kitu. Alijaribu miti ya aina 26. Ikafa. Zikabaki aina tatu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa Kisomali wanauita damas. Nikaandika 26 na 3 chini ya ile elfu moja na 62.

Mvinje ulishika kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyouvutia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo umlishe, unajilisha. Hapo ndo wengi tungepiga picha ya "kabla na baada" tukapeleka kwa juri. Kumbe tatizo lilikuwa linaanza. Majani ya mvinje, vile visindano, yalikuwa yanaanguka na kukaa hapo hapo, makavu, hayaozi, yana ile dawa ya kukausha kama ya kutengenezea ngozi, hakuna kijidudu kinachoyataka. Yaani una msitu juu na chini una zulia la sindano na jiwe. Haina udongo, haina kitu kingine kitakachoota. Kilichowaokoa ni jongoo. Lile kubwa jeusi lenye miguu myekundu, watoto wa huku wanaliita treni. Lilionekana linakula zile sindano, wakaenda kuyakusanya vijijini kwa mamia wakayamwaga pale, yakala, yakanya, yakazaana, na kinyesi cha jongoo ndo kikawa udongo. Ndani ya miaka kama kumi kukawa na tabaka la sentimita kama kumi.

Washkaji wakaanzisha utani wa jongoo na mtungi, Madam akakohoa, wakaacha.

Wahenga wanasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nimeusikia tangu mtoto na sikuwahi kufikiria kuna mtu duniani angekuja kuokota jongoo na kuliweka kazini. Nililiweka moja kiganjani. Likajikunja kwanza, gumu, baridi kama kifungo cha koti, nikatulia, likafunguka taratibu likaanza kutembea, ile miguu inakwenda kama wimbi, inakuja inapita inakuja, na halina haraka hata kidogo. Likaniachia doa la rangi ya kahawia kiganjani lenye harufu kali, nimeosha mara nne bado lipo. Nikaweka mkono chini nikachimba kwa vidole. Sindano kavu juu, chini yake sindano zilizomung'unywa, chini yake vidonge vidogo vidogo vya kinyesi, chini yake udongo mweusi wenye unyevu, laini, unanukia kama shamba la bibi baada ya mvua. Halafu vidole vikagonga jiwe. Jeupe lile lile! Liko pale pale.

Nilikaa pale nikawa nimeachwa na kundi. Mi huwa nachora bustani siku ya uzinduzi, mawaziri wamekuja, ukoka umenyunyiziwa. Sijawahi kuichora ikiwa na miaka mitatu, sijawahi kuchora nani anakula majani makavu. Sijawahi hata kujiuliza.

Kuna twiga, kuna mamba, kuna mabwawa ya samaki yanayopitisha maji kwenye mimea. Wakatuhadithia na lile sakata la Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa hapa akamng'ang'ania kobe mzee anayeitwa Mzee, dunia nzima ikaja kupiga picha. Wenzangu wengi hapo ndo palipowakuna. Poa. Kitu kimoja kilinikera na nimemwambia Madam: tunasifia kiraka tunasahau suruali ilichanwa na nani, shimo ni la saruji, na saruji ndo tunayoimwaga kila tukichora pevimenti. Akasema, "Sawa, sasa hesabu pevimenti kwenye mchoro wako ni mita za mraba ngapi." Nimehesabu usiku. Siziandiki hapa.

Siku ya 6, Jumamosi

Kurudi, siku nzima. Mahamri na mbaazi asubuhi, feri, Lunga Lunga, Horohoro, rejeta imevumilia. Nimechora upya seksheni ya Jangwani (mchoro wa bonde kama limekatwa kwa kisu) kwenye basi, mistari imepinda kila penye tuta lakini hainisumbui. Nimeanza na mstari wa maji ya mafuriko, halafu tope, halafu ndo nikaanza kuuliza nani anaweza kukaa hapo. Maputo yametoka. Chemchemi imetoka. Madam kapita kwenye viti, kachungulia, kaendelea na safari yake, kwa Madam hiyo ni sifa.

Tumeingia Dar saa nne usiku. Nimeazima simu kumpigia mama, kauliza safari ilikuwaje, nikamwambia nimeona jongoo wanatengeneza udongo juu ya jiwe. Akakaa kimya.

"Kwa hiyo ukoka hupandi tena?"

Nikamuuliza mama, mvua ikinyesha maji ya batini kwetu huwa yanaelekea wapi?

"Si yanaenda kwa jirani. Ndo maana hatuelewani."